DAC na amplifaya ya hedifoni ya mezani: kuiunga, kuitunza na kusaka hitilafu zake

Hitilafu nyingi zinazofika kwa fundi kwa jina la "amplifaya imekufa" hazimo ndani ya amplifaya. Zimo kwenye mipangilio ya kompyuta, kwenye waya wa hedifoni, kwenye geini (kiasi ambacho amplifaya inakuza sauti) iliyopandishwa bila sababu, au kwenye ethi (waya wa ardhini). Kifaa cha daraja la juu kina kelele ndogo sana yenyewe, kwa hiyo kila uchafu unaoingia kutoka nje unasikika wazi, na lawama inakiangukia chenyewe. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia nje kuelekea ndani. Kifuniko ni cha mwisho, na mara nyingi hakuna haja ya kukigusa.

Weka karibu vitu hivi: multimita ya kawaida, waya wa pili wa USB, kebo ya mwanga (TOSLINK), jozi ya ziada ya waya za RCA (zile za sauti zenye plagi moja ya duara kwa kila upande), tochi, pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, na hedifoni za bei rahisi. Hizo za bei rahisi ndizo muhimu kuliko vyote, kwa sababu zitakuwa za kwanza kuchomekwa kila unaposhuku kasoro. Zikiungua, hasara ni ndogo.

Piga hesabu kabla ya kuunga

DAC hugeuza namba za kidijitali kuwa mkondo wa sauti. Amplifaya huupa mkondo huo nguvu ya kusukuma hedifoni. Ziwe kwenye boksi moja au mawili, maswali ni mawili: hedifoni zako zinataka volti ngapi, na zinataka mkondo kiasi gani wa umeme?

Chukua Sennheiser HD 650. Ni za omu 300 (ukinzani wake kwa umeme), na hutoa 103 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa volti 1. Ukitaka vilele vya muziki vifike 110 dB, unahitaji volti 2.2 hivi, ambazo kwenye omu 300 ni miliwati 17 tu. Sasa chukua HiFiMAN Susvara: omu 60, na 83 dB kwa miliwati 1. Kufika 110 dB ni kupanda 27 dB, yaani miliwati 500, volti 5.5 na miliampea 90 hivi. Amplifaya inayoziendesha HD 650 bila jasho inaweza kuishiwa pumzi kwenye Susvara, ingawa omu zake ni chache mara tano. Anayechagua amplifaya kwa kutazama omu peke yake anatazama nusu ya hesabu. Soma pia usikivu wa hedifoni, na uangalie kama umeandikwa kwa volti 1 au kwa miliwati 1, maana vipimo hivyo viwili havilinganishwi moja kwa moja.

Kingine ni omu za tundu la kutolea la amplifaya yenyewe. Zisizidi moja ya nane ya omu za hedifoni. Kwa hedifoni za omu 32, tundu lisizidi omu 4. Likizidi, hedifoni ambazo omu zake hupanda na kushuka kufuatana na masafa zitabadilika sauti: HD 650, kwa mfano, omu zake hupanda sana kwenye besi, na tundu lenye omu nyingi huitunisha besi hiyo. Hedifoni za bapa, zile za sumaku na utando mwembamba, hazisumbuliwi sana na jambo hili kwa sababu omu zake karibu hazibadiliki.

Kuunga kwa mara ya kwanza

1. Soma sehemu ya nyuma kabla ya kuchomeka umeme. Vifaa vingine vina swichi ya volti 115/230. Ikiwa iko 115 na ukutani kuna 230, fyuzi itakatika ukibahatika, la sivyo transfoma itaungua.

2. Kama kifaa kinatumia adapta, soma maandishi ya adapta. Amplifaya kadhaa za mezani hutumia adapta ya umeme wa AC (unaogeuza mwelekeo), si DC (wa mwelekeo mmoja), na ncha zake hufanana kabisa na za adapta nyingine yoyote. Kuingia kwa ncha si ushahidi kwamba ni yenyewe. Funga kipande cha karatasi kwenye waya na uandike ni ya kifaa gani.

3. Unga DAC na amplifaya zote zikiwa zimezimwa. Kwa kawaida RCA hutoa volti 2 na XLR (tundu kubwa la pini) volti 4. Kama DAC ina kitasa chake cha sauti, ifungie kwenye kiwango kisichobadilika au 0 dB, kisha sauti idhibitiwe na amplifaya peke yake.

4. Washa DAC kwanza, subiri sekunde chache, ndipo uwashe amplifaya. Wakati wa kuzima, anza na amplifaya. Sababu ni kwamba DAC inapowaka au kuzima inaweza kurusha kishindo cha volti, na amplifaya iliyokwisha kuwaka itakikuza na kukipeleka kwenye hedifoni.

5. Sikiliza "tik" ya rilei (swichi ya ndani inayojiwasha na kujizima yenyewe). Amplifaya nyingi nzuri hukata hedifoni kwa sekunde kadhaa hadi volti za ndani zitulie. Chomeka hedifoni baada ya mlio huo, kitasa kikiwa chini kabisa.

6. Kama ni maboksi mawili ya kurundika, amplifaya ikae juu. Ndiyo inayotoa joto, na joto likipanda halipiti kwenye DAC. Acha nafasi ya sentimita 10 juu yake. Amplifaya ya daraja A (aina inayovuta umeme mwingi muda wote) huwa na joto la kukufanya uondoe mkono, hata isipopiga muziki wowote, na hiyo si kasoro. Lakini kapasita zake (vihifadhi chaji vya ndani) huzeeka haraka kadiri zinavyopata joto: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi unazopunguza huongeza maisha yake mara mbili. Usiifungie ndani ya kabati.

Upande wa kompyuta

DAC za leo hutumia kiwango cha USB Audio Class 2. Mac na Linux hukitambua bila kuongeza kitu. Windows ilianza kukitambua yenyewe kwenye Windows 10 toleo la 1703. Kabla ya hapo ilibidi kuweka draiva ya mtengenezaji. Hata sasa draiva hiyo ina faida, kwa sababu huleta ASIO (njia ya kupeleka sauti moja kwa moja kwenye DAC) na wakati mwingine jopo la kuongeza bafa (akiba ya data inayosubiri kuchezwa).

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha chagua DAC yako na ufungue sifa zake. Weka biti 24 na kasi ya sampuli (idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde) ya 44.1 kHz kama unasikiliza muziki zaidi, au 48 kHz kama ni video zaidi. Zima "maboresho" yote. Ukitaka muziki ufike kwenye DAC bila kuguswa, chagua WASAPI ya kipekee (njia ya Windows yenyewe ya kazi hiyo) au ASIO ndani ya programu ya kuchezea muziki. Kwenye Mac, kasi hubadilishwa ndani ya Audio MIDI Setup. Kwenye Linux, wakati muziki unapiga, amri hii itakwambia hasa kinachopelekwa:

cat /proc/asound/card*/pcm0p/sub0/hw_params

Ushahidi wa mwisho ni kioo au taa ya DAC. Piga wimbo wa CD: kama inaonyesha 44.1, mambo yamenyooka. Kama inaonyesha 48 kwa kila wimbo, kompyuta inageuza sampuli njiani. Hilo si balaa, wala wengi hawatasikia tofauti, ila ni vizuri kujua kinachotendeka.

Sauti ya kompyuta iwe asilimia 100, isipokuwa kwa sababu mbili. Ya kwanza: nyimbo zilizorekodiwa kwa sauti kubwa mno huweza kuzidi kilele wakati DAC inapozijaza nafasi kati ya sampuli, zikakwaruza. Punguza 3 dB ndani ya programu ya muziki na tatizo huondoka. Ya pili: unapotumia ikolaiza, punguza kwa kiasi kile kile ulichopandisha. Usiogope kwamba unapoteza ubora; kwenye njia ya biti 24, kila 6 dB unazopunguza ni biti 1, kwa hiyo hata ukishusha 48 dB bado zimebaki biti 16.

Geini: kasoro inayojificha

Ukinunua amplifaya yenye nguvu, kishawishi ni kuweka geini ya juu. Anza na ya chini. DAC ya volti 2 ikipita kwenye geini ya 1 inaweza kutoa volti 2, na kwa HD 650 hizo ni 109 dB. Ni sauti ya kuumiza. Iafoni za omu 32 zenye usikivu wa 110 dB kwa miliwati 1 zitapewa miliwati 125 na hizo hizo volti 2, yaani 131 dB. Hapo kitasa kikiguswa na kiwiko, sikio linaweza kuharibika papo hapo.

Geini kubwa ina hasara nyingine mbili. Inapandisha kelele za chini, ule mchuchumo unaosikika muziki ukinyamaza. Tena inakulazimisha utumie kitasa kikiwa karibu na mwanzo wa mzunguko wake, ambako vitasa vya kawaida huwa haviko sawa kushoto na kulia. Ukisikia mwimbaji amehamia sikio moja pale sauti inapokuwa ndogo, kisha anarudi katikati ukipandisha, hiyo ndiyo sababu. Shusha geini, au punguza 10 hadi 20 dB upande wa kompyuta, ili kitasa kifanye kazi kikiwa kati ya saa nne na saa nane, ukikitazama kama uso wa saa ya ukutani ambayo saa sita iko juu.

Na mchuchumo wenyewe unatoka wapi? Simamisha muziki, kisha zungusha kitasa. Ukiongezeka na kupungua kufuatana na kitasa, unatoka kwenye DAC au kabla yake. Usipobadilika, ni wa amplifaya yenyewe. Jaribio hili la sekunde tano limeokoa vifaa vingi visirudishwe dukani bure.

Kuhusu masikio: Shirika la Afya Duniani na ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa) wanataja 80 dB kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo cha usalama cha mtu mzima, na kila 3 dB za ziada zinakata muda nusu. Ukisikiliza kwa 89 dB, umebakiwa na saa 5 kwa wiki. Amplifaya safi isiyokwaruza ndiyo inayodanganya zaidi hapa, kwa sababu hakuna ukali wa sauti unaokuonya kwamba umezidisha.

Matundu ya balansi na adapta ya kuogopwa

Tundu la XLR la pini nne lina mpangilio huu: pini 1 kushoto chanya, 2 kushoto hasi, 3 kulia chanya, 4 kulia hasi. Plagi ya 4.4 mm inafuata mpangilio huo huo kuanzia nchani, na sehemu ya tano ya mwisho ni ya ethi. Kwenye amplifaya ya balansi halisi, kila hasi ni tokeo lenye nguvu zake. Si ethi.

Hapo ndipo penye hatari. Hedifoni zenye waya wa balansi unaweza kuzichomeka kwenye tundu la kawaida la 6.35 mm kwa adapta, bila neno. Kinyume chake ni marufuku: hedifoni za plagi ya kawaida, ambazo hasi zake mbili zimeunganishwa pamoja, usizipeleke kwenye tundu la balansi kwa adapta. Utakuwa umepiga shoti hasi ya kushoto na hasi ya kulia. Amplifaya nyingine hujikinga na kuzima. Nyingine huunguza transista za mwisho ndani ya dakika. Adapta hizo zinauzwa, na zinaingia vizuri tu, ndiyo maana zinaua vifaa.

Usichomeke wala kuchomoa plagi ya 6.35 au 3.5 mm muziki ukiwa juu. Plagi inapoteleza, ncha yake hugusa viunganishi viwili kwa mara moja na kupiga shoti ya muda mfupi. Shusha sauti kwanza.

Upande mmoja umenyamaza au umefifia

Kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja tu, kisha uangalie kama kasoro imehama au imebaki. Tuseme kushoto ndiko kunakofifia.

Kwanza, vaa hedifoni kinyume, ya kushoto iende sikio la kulia. Kasoro ikibaki kwenye sikio lako lile lile, ni sikio, pengine nta tu. Watu huruka hatua hii kwa kuona aibu, na si vizuri.

Pili, chomeka zile hedifoni za majaribio. Zikiwa sawa, tatizo liko kwenye hedifoni zako au waya wake. Kama waya unachomoka kwenye vikombe, hamisha ncha ya kushoto iende kulia na ya kulia iende kushoto. Kasoro ikihama, waya ni mbovu. Ikibaki kwenye kikombe kile kile, ni kikombe au soketi yake. Piga tochi ndani ya soketi. Soketi za pini mbili hulegea kwa kuchomolewa mara kwa mara, na pini zake hufunikwa na utando mweusi usioonekana kwa jicho la haraka. Pamba yenye tone la isopropili, kuisugua taratibu, kuiacha ikauke dakika tano. Mara nyingi hapo ndipo kazi inapoishia.

Tatu, kama hata hedifoni za majaribio zinafifia kushoto, nenda nyuma ya amplifaya. Badilishana waya za RCA kwenye amplifaya tu: wa kushoto uingie kulia, wa kulia uingie kushoto. Kasoro ikihamia kulia, inatoka kwenye waya au DAC. Ikibaki kushoto, amplifaya ndiyo yenye tatizo. Kama imehama, rudisha hapo, kisha badilishana upande wa DAC. Kwa mabadilisho mawili umeshajua ni boksi lipi.

Nne, kabla ya kuihukumu DAC, angalia kipimo cha uwiano wa kushoto na kulia ndani ya kompyuta. Masasisho ya mfumo huweza kukisogeza.

Kuna dalili mbili zinazojieleza zenyewe. Sauti ya mwimbaji ikitoweka na kubaki ala za pembeni na mwangwi, waya wa pamoja wa ethi kwenye plagi haujagusa: sikiliza huku ukiizungusha plagi kidogo, sukuma hadi mwisho, au badilisha adapta. Kama mwimbaji hana mahali pake, amesambaa kichwani kote na besi imekuwa nyembamba, upande mmoja umeungwa chanya kwa hasi. Hiyo hutokea zaidi kwa waya za kutengenezwa kwa mkono. Pima kwa multimita kati ya pini ya plagi na pini ya kikombe, moja baada ya nyingine.

Mvumo na milio ya kompyuta

Mvumo mzito wa 50 Hz (au 60 kwa nchi za umeme huo) mara nyingi ni mzunguko wa ethi. Kompyuta imeungwa na ethi ukutani, amplifaya nayo imeungwa, na waya wa RCA umezifunga pamoja kwa njia ya tatu. Mkondo mdogo unapita kwenye ganda la RCA, na volti inayozaliwa humo inajichanganya na muziki. Fuata hatua hizi:

1. Chomoa RCA kwenye amplifaya, sauti ikiwa chini. Mvumo ukibaki, ni wa amplifaya yenyewe au wa transfoma iliyo karibu. Isogeze nusu mita mbali na adapta nyingine na usikilize tena.

2. Rudisha RCA, chomoa USB. Mvumo ukiisha, njia inapita kwenye kompyuta.

3. Kama ni laptopu, ichomoe kwenye chaji. Ukimya ukija, umethibitisha.

Dawa, kwa mpangilio wa unafuu: chomeka vifaa vyote kwenye kamba moja ya umeme, tumia kebo ya mwanga badala ya USB, kwani mwanga haupitishi umeme na mzunguko unakatika, tumia XLR kati ya DAC na amplifaya kama matundu yapo, mwisho ni kitenganishi cha USB, ukihakikisha kinaruhusu kasi ya juu ya USB 2.0, la sivyo DAC itabanwa kwenye 96 kHz au isitambulike kabisa. Usikate pini ya ethi. Mvumo utaisha kweli, lakini siku insulesheni ya transfoma itakapovunjika, ganda la kifaa litakuwa na umeme wa ukutani, nawe una hedifoni kichwani.

Milio myembamba inayobadilika ukisogeza kipanya au kufungua mchezo ni kelele za kadi ya michoro na za umeme wa kompyuta zinazosafiri kwenye ethi ya USB. Dawa ni ile ile, hasa kebo ya mwanga. Ukiichomoa upande wa DAC utaona nukta nyekundu nchani. Isipokuwepo, chanzo hakitumi kitu. Usiikunje kwa kona kali. Kwenye TOSLINK, kikomo cha uhakika ni biti 24 na 96 kHz. 192 kHz hupita kwenye baadhi ya vifaa tu.

Mvumo unaotoka kwenye boksi lenyewe, si kwenye hedifoni, ni transfoma inayotetemeka. Umeme wa ukutani ukichanganyika na DC kidogo, au volti ikipanda, transfoma za duara hulalamika. Kama hausikiki ukivaa hedifoni, muziki haujaathirika.

Kukatika, mlio mweupe na mikwaruzo

Sauti ikikatika-katika, chomeka USB moja kwa moja nyuma ya kompyuta bila kigawanyi, kwa waya wa mita 2 au chini. Zima usingizi wa USB kwenye mipangilio ya umeme. Ongeza bafa ya draiva. Bado? Shusha kasi hadi 48 kHz: ikitulia, kompyuta au waya haumudu kasi uliyochagua, na 768 kHz haikuwa inakuongezea kitu sikioni. Isipotulia, jaribu kompyuta nyingine au simu kabla ya kuilaumu DAC.

Nusu sekunde ya mwanzo wa wimbo ikikatwa, DAC inachelewa kujifunga kwenye kasi mpya. Programu nyingi za muziki zina kipengele cha kuongeza ukimya mwanzoni. "Tik" kati ya nyimbo za kasi tofauti ni rilei, na ni ya kawaida.

Mlio mweupe mkali badala ya muziki, tena kwenye faili za DSD (aina ya faili za muziki zenye mkondo wa biti moja moja) tu, maana yake ni kwamba DSD imefungwa ndani ya PCM, muundo wa kawaida wa sauti ya kidijitali (wataalamu huiita njia hiyo DoP), halafu kitu kimeigusa njiani: sauti ya kompyuta haiko asilimia 100, au ikolaiza iko wazi. Vua hedifoni haraka, kisha rekebisha. DSD64 kwa njia hii inahitaji mkondo wa 176.4 kHz, kwa hiyo njia isiyofika kasi hiyo haiwezi kuipitisha.

Kitasa kikikwaruza unapokizungusha, zima kifaa na ukizungushe mwanzo hadi mwisho mara thelathini. Kama ni utando wa oksidi, utapungua. Ukirudi baada ya wiki, dawa ya viunganishi inayofaa potenshiometa (kitasa cha sauti) inahitajika, na hiyo ni kazi ya kifuniko wazi. Usitumie mafuta ya kulegezea skrubu. Lakini kama mkwaruzo haupungui hata kidogo, huenda kuna DC inayopita kwenye kitasa, na hapo kusafisha hakusaidii. Pima.

Kupima DC kwenye tundu

Hiki ndicho kipimo cha maana kuliko vyote kabla ya kuamini hedifoni za thamani kwenye amplifaya iliyotumika au iliyorekebishwa.

1. Washa amplifaya bila hedifoni, iache dakika 20 ipate joto. Kitasa chini.

2. Chomeka plagi tupu ya 6.35 mm ili upate pa kugusa. Kubandika ncha za multimita moja kwa moja ndani ya tundu ni kujitafutia shoti.

3. Weka multimita kwenye milivolti za DC. Pima kati ya ncha na ganda (kushoto), kisha kati ya pete na ganda (kulia). Kwa balansi, pima kati ya chanya na hasi ya kila upande.

4. Chini ya milivolti 10 ni safi. Hadi 50 hedifoni nyingi zitavumilia, ila fuatilia. Zaidi ya hapo, usichomeke hedifoni za thamani hadi fundi aione.

5. Pandisha kitasa taratibu bila muziki. Namba ikipanda nacho, DC inatoka kwenye DAC au kabla ya kitasa. Ikibaki pale pale, iko mbele ya kitasa, kwenye hatua ya kutolea.

Kama ina valvu

Valvu (taa za kioo zinazokuza sauti) kwa kawaida hutumia volti zaidi ya 100 ndani, na kapasita hubaki na chaji hata plagi ikiwa nje. Kubadilisha valvu hakuhitaji kufungua kifuniko. Chochote zaidi ya hapo mwachie fundi.

Zima, subiri dakika 10, shika valvu kwenye kitako chake na uitoe wima kwa kuichezesha kidogo. Usichanganye familia: ECC82 (12AU7) na E88CC (6922) zote zina pini tisa na zinaingia soketi moja, lakini waya za kuchemshia ndani zimepangwa tofauti. Ukisikia mlio, mivumo au tarakata upande mmoja, badilishana valvu ya kushoto na ya kulia, kama kifaa kina moja kwa kila upande. Kasoro ikihama, valvu imekwisha. Kengele inayosikika ukigonga boksi kwa ukucha ni valvu inayopokea mtikisiko. Kidogo ni kawaida.

Amplifaya za valvu zisizo na transfoma ya kutolea hupendana na hedifoni za omu 250 hadi 600. Zikipewa za omu 32, besi hulegea na sauti hukwaruza mapema, na hakuna valvu mpya itakayobadili hilo.

Haiwaki kabisa

Jaribu soketi nyingine ya ukuta na waya mwingine wa umeme. Chomoa kabisa, kisha ufungue kidroo cha fyuzi, mara nyingi kilicho chini ya tundu la umeme. Weka fyuzi ya maandishi yale yale, herufi kwa herufi: T500mA, kwa mfano, ni ya kukawia kukatika, kwa sababu transfoma ya duara huvuta mkondo mkubwa inapowashwa. Ukiweka ya haraka, itakatika kila siku bila kosa lolote. Fyuzi mpya ya aina sahihi ikikatika papo hapo, usiweke ya tatu, wala usiongeze ampea. Ndani kuna shoti.

Ukiipeleka kwa fundi, mwandikie ni upande gani, kwa chanzo gani, baada ya dakika ngapi, na namba za DC ulizopima. Mpe pamoja na adapta yake halisi. Kama inasafirishwa, toa valvu na uzifunge kando, na boksi liwe na sentimita 5 za povu kila upande, chini zaidi ya juu, kwa kuwa transfoma ndiyo nzito na ndiyo inayong'oa skrubu zake mzigo ukiangushwa.